Umejaza Vizuri, Mama

Niliandika neno "mabaki" kwenye ripoti ya ultrasaundi ya mwanamke ambaye sina sababu ya kuamini kwamba alikuwa na mabaki. Kwa neno hilo alikwanguliwa kizazi akiwa katika wiki ya pili ya uzazi, na kwa kukwanguliwa huko kuta za kizazi chake zikagandana. Tatizo alilokuja nalo lilikuwepo kwenye skrini yangu, kubwa kuliko kitu kingine chochote katika picha ile, nami nikalipita. Nimefanya kazi ya mionzi na ultrasaundi katika hospitali ya wilaya hapa Tanzania kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Yapo mengine niliyokosea, lakini hakuna lililoniuma kama hili. Naandika kwa ruhusa yake. Simtaji jina, wala siitaji hospitali, wala wenzangu waliokuwepo.

Alikuwa mzazi wa mara ya kwanza. Uchungu ulimshika usiku, akakaa leba mchana kutwa hadi usiku wa pili, na mtoto akatoka kwa kuvutwa na vakyumu baada ya mama kuongezewa njia. Kesho yake akaruhusiwa, maana wodi ya wazazi ilikuwa imefurika na walikuwa wanalala wawili wawili kitandani. Nyumbani mama mkwe alimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akampikia uji wa pilipili manga, akamfunga tumbo kwa kanga. Mtoto alinyonya vizuri. Ila tumbo la mama halikushuka. Lilikuwa limetuna chini ya kitovu, linauma akiguswa, na damu iliendelea kumtoka kidogo kidogo, ya kahawia. Ndugu wakasema kuna kitu kimebaki ndani. Wakamleta hospitali, nesi wa mapokezi naye akasikiliza maelezo ya ndugu, daktari wa zamu akaandika fomu: tumbo halirudi, angalia kama kuna mabaki. Fomu ikafika kwangu ikiwa na jibu lake tayari.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la kazi yetu, kwa sababu bila hilo kosa langu halieleweki. Mawimbi ya sauti ya ultrasaundi hayapiti kwenye hewa. Matumbo yamejaa hewa, na mara nyingi yanalala mbele ya kizazi. Kwa hiyo mwanamke anayepimwa juu ya tumbo huambiwa anywe maji mengi na abane mkojo, ili kibofu kikijaa kiyasukume matumbo kando na mawimbi yapite kwenye maji kwenda kukiona kizazi kilicho nyuma. Sisi wenyewe tunakiita kibofu hicho dirisha. Nusu ya ugomvi wa benchi la nje ya chumba chetu unatokana na habari hiyo: fulani hajajaza, arudi akanywe tena, fulani amejaza kupita kiasi, anashindwa hata kukaa. Unafika mahali unamwona kila mwanamke aliyejaza vizuri kama mtu aliyekurahisishia kazi.

Yeye alinirahisishia. Nilipoweka probu juu ya kinena, kibofu kilitokea cheusi, kipana, kimefika karibu na kitovu. Nikamwambia kwa moyo mweupe, "Umejaza vizuri, mama."

Akanijibu, "Sijanywa kitu, dokta. Haja ndogo ndiyo haitoki sawasawa tangu nijifungue."

Nikamwambia, "Basi tulia, usipumue kidogo." Nikaendelea kukitafuta kizazi.

Nimeyarudia mazungumzo hayo kichwani zaidi ya ninavyoweza kueleza. Alinipa jibu la ugonjwa wake lote kwa sentensi mbili, kwa Kiswahili kilichonyooka, nami nilikuwa nimeshika mkononi mashine ambayo hakuna kitu inachokiona vizuri zaidi kuliko maji. Mimi mwenyewe nimezaa. Najua mkojo unaogoma unavyokuwa baada ya kujifungua kwa shida. Hata hivyo maneno yake yalinipita kama maneno ya mtu anayelalamikia ubaridi wa jeli.

Nyuma ya kibofu niliona kizazi. Kilikuwa juu kuliko nilivyotarajia, na ndani yake palikuwa na kitu cheupe kisicho na mpangilio, unene wa milimita 14. Nikapima, nikachapa picha mbili, nikaandika kwamba kizazi hakijarudi na kwamba mabaki ya kondo la nyuma yameonekana. Sikuandika "yanashukiwa." Mashine ile ilikuwa na Dopla ya rangi, ambayo ingenionyesha kama kitu kile cheupe kilikuwa na mishipa ya damu inayokilisha au kilikuwa bonge tu la damu lililokaa. Dopla nayo haimalizi ubishi, maana kipande cha kondo kinaweza kuwepo bila kuonyesha mtiririko wa damu, lakini ingenifanya nisite. Sikuibonyeza. Nje kulikuwa na foleni.

Sasa niseme nilichopaswa kujua. Mara tu baada ya mtoto na kondo kutoka, kizazi huwa na uzito wa takriban kilo moja, na kichwa chake kinagusika karibu na kitovu. Wiki moja baadaye huwa kama gramu 500. Kinaendelea kunywea, na katika wiki ya pili kinaingia ndani ya nyonga ambako mkono juu ya tumbo haukifikii tena. Wiki ya sita kinakuwa kimerudi kwenye gramu 60 hadi 80 au karibu na hapo. Lakini kizazi hakielei peke yake tumboni. Mbele yake kipo kibofu, na kibofu kikijaa hukisukuma juu na mara nyingi upande wa kulia. Mkunga yeyote aliyefundishwa vizuri analijua hili kwa vidole vyake: akimkuta mzazi ana kizazi kilichopanda, kitu cha kwanza anamwambia aende haja ndogo, kisha anapapasa upya. Wakunga wamefanya hivyo tangu kabla mashine yangu haijabuniwa. Mimi nilikiona kizazi kilichosukumwa juu na kibofu, na nikakisomea hukumu ya kutorudi, huku kibofu chenyewe nikikitumia kama kioo cha kuchungulia.

Na kile kitu cheupe cha milimita 14? Mwaka 2000 Edwards na Ellwood wa Australia walichapisha kazi yao ya kuwapima kwa ultrasaundi wazazi ambao hawakuwa na shida yoyote, waliokuwa wanatoka damu ya kawaida ya uzazi. Siku ya 7, zaidi kidogo ya nusu yao walikuwa na uvimbe mweupe kama huo ndani ya kizazi. Siku ya 14 walibaki kama mmoja katika kila watano. Siku ya 21 walikuwa wachache sana. Hao hawakukwanguliwa. Mabonge ya damu na vipande vya utando vilitoka vyenyewe, kama vinavyotoka kwa wanawake wengi ambao hawapimwi na mtu. Hata viputo vya hewa vinaweza kuonekana ndani ya kizazi cha mzazi mzima wa afya, na mtu asiyejua akaviita maambukizi.

Mwenzangu mmoja, nilipomsimulia haya, aliniuliza iweje mtu aliyepima maelfu ya matumbo asijue kizazi cha mzazi mzima kinafananaje. Jibu langu lilimshangaza, na mimi pia lilinishangaza nilipolitamka. Nilikuwa sijawahi kukiona. Chuoni tulifundishwa mimba wiki kwa wiki: urefu wa mfupa wa paja la mtoto, mzunguko wa kichwa, maji ya uzazi, mahali kondo lilipokaa. Mtoto akishazaliwa, mama aliondoka kwenye madaftari yetu. Na hospitalini mzazi asiye na shida haletwi ultrasaundi, kwa nini aletwe? Wanaoletwa ni wale ambao tayari mtu amewashuku. Kwa hiyo kila kizazi cha wiki ya pili nilichowahi kukitazama kilikuja na fomu iliyoandikwa mabaki, na kila nilipoona weupe ndani nikaandika mabaki, na kila nilipoandika mabaki mwanamke alikwanguliwa, na kilichotoka kilikuwa damu na vipande vya utando ambavyo hatukuwahi kuvipeleka maabara kuthibitisha kama ni kondo kweli. Hakukuwa na mahali popote katika mzunguko huo ambapo kosa lingeweza kunirudia. Nilijifunza kwa miaka kuwa na uhakika wa jambo ambalo sikuwahi kulijua.

Sitaki mtu asome haya akadhani mabaki ni hadithi. Kipande cha kondo kinaweza kubaki kweli, kikaleta damu nyingi siku nyingi baada ya kujifungua, kikaleta homa na usaha, kikaua. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Tanzania. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Nyuma ya tofauti hiyo wapo watu waliochukulia damu ya mzazi kwa uzito wote, na nawaheshimu. Mwanamke anayelowesha pedi nzima ndani ya saa moja, anayeshindwa kusimama, mwenye homa na uchafu unaonuka, huyo hangoji foleni yangu. Lakini mgonjwa wangu hakuwa huyo. Mapigo yake ya moyo yalikuwa ya kawaida. Joto la mwili la kawaida. Damu yake ilikuwa ile ile inayomtoka kila mzazi wa wiki ya pili. Alikuwa na maumivu, tumbo lililotuna, na mkojo usiotoka.

Daktari aliyepokea ripoti yangu alikuwa kijana wa mafunzo kwa vitendo, na usiku huo alikuwa na wodi mbili. Alifanya kile ambacho karatasi ilimwelekeza. Mgonjwa akapelekwa chumba cha upasuaji mdogo, na kama ilivyo kawaida kabla ya kukwangua, nesi akampitishia mpira wa mkojo ili kibofu kisiwe njiani. Mkojo ukajaa chombo cha kwanza, wakaleta cha pili. Hayo nimeyapata baadaye sana kwa nesi mwenyewe, ambaye anakumbuka kwa sababu alilowesha viatu. Hakuna aliyeandika kiasi. Kwenye faili hakuna hata neno moja juu ya mkojo ule.

Alipoamka kutoka usingizini tumbo lilikuwa limeshuka na maumivu yamekwisha. Ni dhahiri yalikuwa yamekwisha. Kibofu kilikuwa kimetolewa mzigo. Mpira uliachwa hadi kesho yake, nadhani kwa kusahauliwa, na kusahauliwa huko ndiko kulikompa nafuu, kwa sababu misuli ya kibofu iliyovutwa kupita kiasi inahitaji kupumzishwa. Lakini sisi sote tuliamini kwamba kukwangua ndiko kulikomponya. Mama mkwe alikuja hadi mlangoni kwangu kunishukuru. Nilimwambia, "Shikamoo mama," akaniitikia na kunishika mikono yote miwili, akisema Mungu anibariki kwa kuuona uchafu ule. Daktari wa wodi aliniambia koridoni kwamba nimeokoa mtu. Nilizipokea shukrani hizo zote. Zaidi ya hapo, kwa muda mrefu niliwaonyesha wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo nakala ya picha zake, kama mfano mzuri wa mabaki ya kondo. Sijui ni wangapi waliondoka na macho yangu mabovu kwenda kuyatumia katika wilaya nyingine.

Alirudi mtoto akiwa ameshaacha kunyonya. Fomu mpya ilisema hapati hedhi, mimba haipo, angalia kizazi. Sikumtambua. Nilimpima, nikaona kizazi kidogo chenye utando mwembamba kama mstari, umekatika katika sehemu moja au mbili. Nikafungua faili lake nione historia, na hapo nikakutana na mwandiko wangu. Zile picha mbili zilikuwa zimebanwa kwenye karatasi, zimeanza kufifia kama zinavyofifia picha za karatasi ya joto, lakini vipimo vya sentimita pembeni vilikuwa bado vinasomeka. Nilitazama kizazi kwanza, kwa mazoea. Kisha, pengine kwa sababu safari hii sikuwa natafuta mabaki, nikaona kile cheusi kilichojaza nusu ya picha.

Nilichukua rula. Ujazo wa kibofu tunaukadiria kwa kuzidisha urefu, upana na kina, halafu kuzidisha kwa 0.52. Nilipata sentimita 14, 12 na 10. Hiyo ni karibu mililita 870, kwa mwanamke ambaye alikuwa ameniambia hajanywa kitu. Baada ya mzazi kwenda haja ndogo, mkojo unaobaki ukizidi mililita 150 tayari ni jambo la kufuatilia. Uchungu wa muda mrefu, mtoto kuvutwa kwa vakyumu, njia kuongezwa na kuvimba: kila sababu ya kibofu kugoma ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa faili lile.

Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha katika The Lancet makala iliyoifungulia ultrasaundi mlango wa tiba ya wanawake. Kati ya wagonjwa wao alikuwepo mwanamke aliyekuwa ameambiwa ana saratani isiyoweza kupasuliwa. Mashine ikaonyesha kwamba kilichomjaza tumbo ni mfuko wa maji wa ovari, ukatolewa, akapona. Huo ndio uwezo wa kwanza kabisa wa kifaa hiki, kutofautisha maji na nyama. Nilikuwa na mashine bora mara nyingi kuliko ya Donald, na jambo ambalo yeye alilimudu kwa chombo cha mwanzo kabisa mimi lilinishinda.

Kilichompata kizazi chake kina jina la daktari Joseph Asherman, aliyefanya kazi Tel Aviv na kuchapisha mwaka 1948 habari za wanawake 29 walioacha kupata hedhi baada ya kukwanguliwa. Kabla yake, mwaka 1894, Mjerumani Heinrich Fritsch alikuwa ameshaeleza habari za mwanamke mmoja, na huyo alikuwa amekwanguliwa baada ya kuzaa. Utando wa kizazi una tabaka la juu linalotoka kila mwezi na tabaka la chini ambalo ndilo shina. Baada ya kuzaa kizazi ni laini, na kwa mama anayenyonyesha homoni ya estrojeni iko chini, kwa hiyo shina likikwanguliwa halichipui upesi. Kovu linawahi. Kuta mbili zenye vidonda zinakaa zimegusana wiki baada ya wiki, zinashikana. Ndiyo sababu wiki zile za mwanzo baada ya kuzaa ni wakati mbaya sana wa kupeleka chuma ndani ya kizazi bila haja ya kweli. Yote haya yameandikwa kwenye vitabu tangu kabla sijazaliwa.

Siku ile sikumwambia. Hilo nalo ni lazima niliseme, maana linanisumbua kuliko ripoti. Nilikosea ripoti kwa kutojua. Kunyamaza nilinyamaza nikijua. Nilimwandikia rufaa nzuri, yenye maelezo kamili ya alichonacho na bila neno juu ya kilichokileta. Nikamwambia huko hospitali ya rufaa wana kamera nyembamba ya kuingia ndani ya kizazi, watamsaidia. Akanishukuru. Kwa mara ya pili nyumba ile ilinishukuru.

Nilichokuwa nasubiri ni nini, sina maelezo yanayotosha. Niliogopa kazi yangu, niliogopa ndugu zake, niliogopa hasa kumwona akielewa. Kilichonitoa kwenye kimya ni jambo alilolisema yeye mwenyewe alipopita kuchukua nakala ya majibu. Alisema nyumbani wanasema amefungwa. Mama mkwe, yule aliyenishika mikono, alikuwa ameanza kusema kwamba msichana yule aliingia na kizazi kibovu, ndiyo maana hata mtoto wa kwanza alitoka kwa shida. Mume alikuwa kimya. Mwanamke alikuwa anabeba aibu ya kosa langu ndani ya nyumba yake, na mimi nilikuwa na karatasi yenye vipimo ndani ya droo.

Nilimkalisha nikamweleza. Nilimwonyesha picha, nikamwonyesha kibofu, nikamwonyesha kizazi nyuma yake. Nilimwambia alinieleza na sikumsikiliza. Alikaa kimya muda, kisha akaniambia kwamba hata nesi wa mapokezi alimweleza habari ya mkojo, na nyumbani alimweleza mama mkwe, akajibiwa kwamba mzazi ndivyo alivyo. Akasema miezi ile yote baadaye alikuwa anakojoa kwa kukaa muda mrefu na kujikandamiza tumbo kwa mkono, na hakumwambia mtu tena kwa sababu aliona halina uzito. Hakunitukana. Aliniomba vitu viwili. Cha kwanza, niiandike upya barua ya rufaa, na ndani yake kila kitu. Cha pili, nimwambie mume wake yeye akiwepo, kwa mdomo wangu mwenyewe, na mume akamwambie mama yake.

Nilifanya vyote viwili. Mume alikuja na shati la kazini, akasikiliza akiwa amesimama. Aliuliza swali moja: kama mke wake angeulizwa tu kuhusu mkojo, haya yasingetokea? Nikamjibu yasingetokea. Niliripoti pia kwa wakubwa wangu. Kikao kilifanyika, maneno yakasemwa, faili likafungwa haraka kuliko nilivyotaka.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 juu ya huduma baada ya kujifungua unataka ithibitishwe kwamba mama amekojoa ndani ya saa sita za mwanzo. Kisha anapoonwa tena, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita, aulizwe hali yake, na la kwanza katika orodha ya maswali ni mkojo. Hausemi kila mzazi apimwe ultrasaundi. Niliposoma orodha ile nilielewa kwamba chombo nilichokuwa nakikosa hakikuhitaji umeme.

Wala simaanishi mashine iwekwe kando. Ultrasaundi inaweza kumfaa mzazi kwa namna ambazo sisi wilayani hatujaanza hata kuzifikiria. Mwaka 1993 Abdul Sultan na wenzake wa London walitumia ultrasaundi kuangalia misuli inayobana haja kubwa, na katika wanawake waliozaa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida, asilimia 35 walikutwa na misuli iliyoharibika, wengi wao bila mtu kugundua wakati wa kuzaa. Huko Sydney, Hans Peter Dietz ametumia miaka mingi kuonyesha kwa probu iliyowekwa kwa nje tu jinsi misuli ya sakafu ya nyonga inavyong'oka kutoka kwenye mfupa wakati wa kuzaa. Wapo wanawake mitaani kwetu wanaovujisha mkojo au kinyesi tangu mtoto wa kwanza na wanadhani ndiyo malipo ya uzazi. Kwao picha ingekuwa ushahidi kwamba hawajitungii. Lakini picha hizo zilipatikana kwa sababu kuna mtu alianza kwa kuyaamini malalamiko ya wanawake, akaenda kuangalia pale wanapopaonyesha.

Siku hizi mzazi akiletwa kwangu namuuliza kabla ya kugusa jeli: haja ndogo inatoka? Inatoka yote? Unajisikia umemaliza? Nampima, namtuma chooni, nampima tena, naandika kiasi kilichobaki. Foleni inarefuka na wenzangu wananung'unika. Nikiona weupe ndani ya kizazi cha wiki ya pili kwa mama asiye na homa wala damu nyingi, naandika kwamba unaweza kuwa wa kawaida, arudi baada ya wiki moja au mbili, na nabonyeza Dopla. Kuna madaktari wanaokasirika kwa ripoti ya namna hiyo. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba anataka jibu, mabaki yapo au hayapo, na kwamba mama akivuja damu usiku ataniita mimi. Nilimwambia aniite. Nimejaribu pia kuwatafuta wale wanafunzi niliowaonyesha picha zile. Baadhi nimewapata na kuwaeleza. Wengine namba zao hazipatikani.

Yeye alifanyiwa upasuaji wa kamera hospitali ya rufaa, makovu yakakatwa. Hedhi imerudi, kidogo, siku moja au mbili kwa mwezi. Ameambiwa huenda ikabidi kurudia, na fedha wanazikusanya. Nachangia, na najua kwamba mchango huo haununui kitu. Mtoto wake ameanza chekechea. Mimba nyingine haijashika. Nilipomuuliza kama naweza kuyaandika haya alikubali kwa sharti moja, kwamba nisiandike kana kwamba mimi ndiye niliyegundua mambo ya kibofu. Alitaka isomeke wazi kwamba yeye alijua, na alisema, kwa watu watatu.